Tathmini ya ACCESS: muda wa kompyuta kuu kwa mwanafunzi wa akili mnemba asiye na fedha

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikiifundisha kompyuta kusikiliza Kiswahili, na katika muda wote huo sijatoa hata senti moja kulipia mashine ninazozitumia, ingawa kadi moja tu ya GPU (kifaa kinachopiga hesabu nyingi kwa wakati mmoja) kati ya zilizomo ndani yake ingeumaliza mshahara wangu wa mwaka mzima nilipokuwa mwalimu wa sekondari Tanzania. Huduma inayonipa mashine hizo inaitwa ACCESS. Wanafunzi wenzangu wa Afrika Mashariki waliopo katika vyuo vya Marekani huniuliza mara kwa mara naipataje, na mara nyingi zaidi huniuliza kama inastahili usumbufu wake, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu inachofanya vizuri, mahali inapomkwaza mgeni, na nani hasa inamfaa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba ACCESS yenyewe si kompyuta. Ni mpango wa kugawa muda wa kompyuta kuu, yaani mashine zenye nguvu kupita kiasi kuliko kompyuta za kawaida, zilizoko katika vituo mbalimbali, unaolipiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, unaojulikana kwa kifupi kama NSF. Mashine zenyewe ziko Pittsburgh, San Diego, Indiana, Texas, Urbana-Champaign katika jimbo la Illinois na kwingineko, na kila kituo kina wataalamu wake na desturi zake. Mpango ulianza tarehe 1 Septemba 2022, ukichukua nafasi ya XSEDE uliokuwapo tangu 2011, ambao nao ulikuwa umeupokea mzigo kutoka TeraGrid ya mwaka 2001. Mizizi yake inafika miaka ya 1980, wakati wanasayansi wa vyuo vikuu vya Marekani waliohitaji hesabu kubwa walikuwa wakibisha hodi kwenye maabara za silaha, au wakisafiri hadi Ujerumani kwenda kutumia mashine zilizotengenezwa Marekani kwenyewe. NSF ikaamua kufungua vituo, na vile vya Illinois na Pittsburgh vyote viwili ni vya mwaka 1986. Si historia ya kupitia haraka, maana katika kituo hicho cha Illinois ndiko kilikoandikwa, mwaka 1993, kivinjari cha Mosaic kilichowafungulia watu wa kawaida mlango wa wavuti, na mmoja wa waandishi wake wakuu, Marc Andreessen, alikuwa bado mwanafunzi.

Muda hugawiwa kwa krediti, na aliyewahi kununua vocha ya simu ataelewa haraka. Unapewa salio, kisha unalibadilisha kuwa saa za mashine uliyoichagua kwa kiwango ambacho kila mashine imejiwekea, kama unavyobadilisha dola ukapata shilingi Dar es Salaam na faranga Bujumbura. Nilipoomba mimi, ngazi ya chini, Explore, ilikuwa na krediti 400,000. Inayofuata, Discover, ilikuwa na 1,500,000. Accelerate ilikuwa na 3,000,000. Na juu ya zote iko Maximize, ambayo huombwa kwa andiko kamili linalopitiwa na jopo. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anaruhusiwa kuongoza mradi wa Explore kwa jina lake mwenyewe. Wa shahada ya kwanza hawezi kuongoza, ila anaweza kuongezwa kwenye mradi wa mwalimu wake. Tovuti yao ina kikokotoo kinachokuonyesha salio litakupatia saa ngapi kwenye mashine ipi, na mtu asione uvivu kukitumia kabla ya kubadilisha, kwa sababu kadi za kisasa hula salio kwa kasi kubwa kuliko za zamani.

Maombi yangu yalikuwa na vitu vitatu: maelezo mafupi ya ninachotaka kufanya, wasifu wa kitaaluma, na barua ya msimamizi wangu kwenye karatasi yenye nembo ya chuo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kurasa kumi na tano na miezi miwili ya kusubiri, maana nimetoka mahali ambapo kuazima projekta kwa kipindi kimoja kulihitaji sahihi za watu watatu, mmoja wao akiwa likizo. Siku ya tatu nikapokea barua pepe ya kukubaliwa. Katika ngazi hii hakuna jopo la kupima kama wazo lako ni la maana; wanaangalia kama unastahili na kama kazi yako inaendana na mashine unazoomba. Nimewasikia maprofesa wakiuita huo ulegevu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hekima ya mpango mzima, kwa kuwa mwanafunzi anayeanza hana matokeo ya kuonyesha, na akidaiwa matokeo kabla ya kupewa mashine hataingia kamwe. Explore ni ruhusa ya kujaribu na kukosea bila kulipa, na baada ya kuitumia zaidi ya mwaka mmoja naona thamani yake kubwa iko hapo kuliko katika kasi ya mashine zenyewe.

Sehemu kubwa ya salio langu niliibadilisha kuwa saa za Bridges-2, mashine ya Pittsburgh Supercomputing Center, kituo kinachoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu viwili, Carnegie Mellon na Pittsburgh. Ilianza kazi rasmi mwaka 2021. Ina nodi za kawaida takriban 500 (nodi ni kompyuta moja kati ya nyingi zilizounganishwa), kila moja na viini 128 vya kuchakata vya kampuni ya AMD. Ina nodi chache zenye kumbukumbu ya terabaiti nne, ambazo watu wa jenomu huzipenda sana. Na ina kile kilichonipeleka mimi kule, yaani nodi 24 zenye kadi nane nane za V100 kutoka kampuni ya NVIDIA, kila kadi ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 32. Baadaye ziliongezwa nodi za H100 zenye gigabaiti 80 kwa kadi. Nilianza na V100 na sikujuta.

Kwa anayefundisha modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, kumbukumbu ya kadi ndiyo inayoamua nini kinawezekana, na hesabu yake ni ya darasa la saba. Modeli ninayoifanyia kazi ni Whisper, inayogeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwezi Septemba 2022 baada ya kufundishwa kwa saa 680,000 za sauti, ambazo ndani yake Kiswahili kilikuwa tone. Toleo lake dogo lina vigezo (namba ambazo modeli huzirekebisha inapojifunza) milioni 244, la kati milioni 769, na kubwa bilioni 1.55. Ukitaka kuifundisha upya modeli nzima kwa njia ya kawaida, kila kigezo kinahitaji namba nne za baiti nne nne: thamani yake yenyewe, gradienti yake, inayoonyesha kigezo kisogezwe upande gani, na namba mbili ambazo kiboreshaji cha Adam, kanuni inayovisogeza vigezo, hukitunzia kila kigezo. Jumla ni baiti 16. Toleo dogo basi linaomba gigabaiti nne hivi, la kati kumi na mbili na ushei, na kubwa karibu ishirini na tano, kabla hujaweka hata sekunde moja ya sauti. Kadi ya T4 inayotolewa bure kwenye Google Colab, huduma ya kuendesha programu ndani ya kivinjari, ina gigabaiti 16. Toleo dogo linaingia bila shida, la kati linaingia kwa kubanana, na kubwa haliingii kabisa, isipokuwa ukitumia mbinu kama LoRA inayofundisha sehemu ndogo tu ya vigezo. Kwenye gigabaiti 32 toleo kubwa linaingia, ingawa linahema. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama tasnifu yangu ingehusu Kiswahili cha toleo dogo linalokosea hovyo au cha modeli inayoweza kumsaidia mtu.

Kuna tahadhari moja kuhusu V100. Ni kadi ya kizazi cha 2017, na haiungi mkono namba za aina ya bf16, moja ya namna za kuandika namba kwa baiti mbili badala ya nne, ambazo mifano mingi ya programu za leo huzichukulia kuwa zipo. Anayenakili mfano wa mtandaoni abadilishe iwe fp16, namna nyingine ya baiti mbili, la sivyo atakaa saa nzima akitafuta kosa ambalo si lake.

Kompyuta kuu haina kitufe cha kuwasha. Unaingia kwa terminali, dirisha la kuandikia amri, na unatua kwenye nodi ya kuingilia, ambayo naweza kuifananisha na baraza ya nyumba: unaketi, unasalimiana na watu, unaandika barua yako, lakini hupiki pale. Kazi nzito unaieleza kwenye faili fupi, ukitaja unataka kadi ngapi, kwa saa ngapi na chini ya mradi upi, kisha unaikabidhi kwa Slurm, programu inayopanga foleni. Faili langu la kwanza lilikuwa na mistari kumi na miwili. Nililituma saa nane usiku, nikaandika amri ya squeue kuangalia hali yake, nikaona herufi mbili, PD, maana yake kazi inasubiri. Nikaandika tena. PD. Nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi herufi zilikuwa zimebadilika kuwa R, na kwenye faili la matokeo namba ya makosa ilikuwa ikishuka mstari kwa mstari, polepole, bila haraka yoyote. Nilikaa kuitazama mpaka chai ikapoa.

Makosa yangu mawili ya mwanzo yalikuwa yangu kabisa, na nayasimulia kwa sababu karibu kila mgeni niliyemsaidia ameyarudia. La kwanza lilihusu nafasi ya kuhifadhi. Folda ya nyumbani ya kila mtumiaji kwenye Bridges-2 ina gigabaiti 25, nayo imekusudiwa kwa programu na vitu vidogo. Data huwekwa kwenye eneo la mradi, ndani ya hifadhi iitwayo Ocean yenye petabaiti 15. Mwongozo unaeleza hayo wazi, ila mimi niliusoma kama tunavyosoma masharti ya mkopo. Maktaba ya programu ya Hugging Face, inayotumiwa kupakua na kufundisha modeli, usipoielekeza kwingine, hupakua modeli kwenye folda iliyofichika ndani ya ile ya nyumbani, na Whisper kubwa peke yake ni gigabaiti sita na kidogo. Kila nakala ya maendeleo ya mafunzo, ikijumuisha hali ya kiboreshaji, inakaribia kumi na tisa. Nakala ya kwanza ikaenea kwa tabu, ya pili ikakwama katikati, kazi ikafa alfajiri, na saa sita za kadi zikawa zimekwenda na maji. Mistari miwili, mmoja wa kuielekeza HF_HOME (mpangilio unaoiambia maktaba hiyo ihifadhi wapi) kwenye eneo la mradi na mwingine wa kuzielekeza huko nakala za mafunzo, ingeniokoa, na siku hizi ndiyo mistari ya kwanza ninayomwandikia kila anayeniomba msaada.

La pili lilikuwa la usahaulifu. Mashine hukuruhusu kuomba kadi ya kukaa nayo ana kwa ana, ukaandika amri na kuona jibu papo hapo, jambo linalofaa sana wakati wa kutafuta makosa. Niliomba saa nane, nikafanya kazi ya dakika arobaini, nikaondoka kwenda futari kwa jamaa, nikasahau kufunga. Kadi ilikaa bure usiku ule ikinila salio, sawa na bodaboda uliyemwambia asubiri nje ukamsahau.

Kero iliyo nje ya uwezo wa mwanafunzi ni foleni. Kwenye mashine moja niliyowahi kuitumia, ambayo sitaitaja, kazi yangu ya kadi nne ilisubiri siku mbili na nusu, katika wiki ile ile ambayo mkutano tuliokuwa tukiuandikia ulikuwa unafunga kupokea makala. Hakuna wa kumlaumu. Wengine nao walikuwa na mikutano yao. Lakini mwanafunzi asidanganyike kwamba kuwa na salio ni kuwa na mashine. Salio ni haki ya kupanga mstari, basi. Nilichojifunza ni kwamba Slurm huziba mapengo: kazi ndogo iliyosema kwa ukweli kwamba itachukua saa mbili hupenyezwa kati ya kazi kubwa, wakati kazi iliyoomba saa 48, ambazo ndizo kikomo cha Bridges-2, hungoja mpaka nafasi pana ipatikane. Wanafunzi wengi huandika 48 kwa woga wa kukatwa, na woga huo ndio unaowarudisha nyuma. Ni heri kuigawa kazi vipande, kila kipande kikianza kutoka pale nakala ya mwisho ilipohifadhiwa. Kwa njia hiyo hata umeme wa kituo ukizimwa kwa matengenezo, unachopoteza ni saa moja na si juma zima.

Kwa upande wa msaada wa kibinadamu, huduma hii imenishangaza kuliko sehemu nyingine yoyote. Nilipokwama kusakinisha maktaba ya kuchakata sauti ambayo ilikuwa ikigombana na toleo lililokuwapo la CUDA, programu ya NVIDIA ya kuendeshea kadi, niliwaandikia wataalamu wa Pittsburgh nikitarajia jibu la kunielekeza ukurasa wa maswali ya kawaida. Nilijibiwa kesho yake na mtu aliyekuwa ameisoma amri yangu, akaona nimepakia moduli mbili zinazopingana, akaniandikia mpangilio sahihi, na akanishauri nihamie kwenye kontena, kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji, ili mazingira yangu yasivurugike kila mashine inaposasishwa. Kwa mwanafunzi ambaye maabara yake haina fundi wa kompyuta, mtu huyo ana thamani kuliko kadi ya H100. Kituo hicho pia hutoa warsha za bure kuhusu data kubwa na kujifunza kwa mashine, zinazorushwa kwa vyuo vingi kwa wakati mmoja, na yule anayeanza kabisa nampendekezea aanze huko kabla hajaomba hata krediti moja.

Utafiti na ufundishaji si kitu kimoja, na hapo tathmini yangu inagawanyika. Muhula uliopita nilikuwa msaidizi katika somo la utangulizi wa kujifunza kwa mashine, darasa la wanafunzi wa shahada ya kwanza ambao wengi wao hawakuwahi kuona terminali. Kuwaambia watu hao waandike faili la Slurm katika wiki ya kwanza ni kuwafukuza. Njia nyepesi ipo: Bridges-2 ina kiolesura cha Open OnDemand, programu iliyoanzia katika kituo cha kompyuta kuu cha Ohio, ambacho humwezesha mtu kufungua daftari la Jupyter, ukurasa wa kuandika programu na kuona matokeo yake papo hapo, ndani ya kivinjari bila kugusa amri hata moja. Hata hivyo foleni inabaki pale pale nyuma ya pazia, na darasa la saa moja na nusu haliwezi kusubiri foleni.

Kwa hiyo darasa tuliliweka Jetstream2, ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambayo haina foleni ya kazi bali humpa kila mtu kompyuta yake ya mtandaoni, anayoiwasha kwa kubonyeza kwenye kiolesura kiitwacho Exosphere. Ina kadi 360 za A100, na kadi hizo zinaweza kugawanywa vipande, jambo ambalo kwa darasa ni la maana kubwa, kwa kuwa mwanafunzi anayejifunza kutofautisha picha za paka na mbwa hahitaji kadi nzima, kama vile mtu mmoja hahitaji sufuria ya shughuli. Somo lilikwenda vizuri. Kuna kanuni moja tu ambayo mwalimu aifundishe siku ya kwanza na kuirudia siku ya pili: kuizima kompyuta hiyo hakusimamishi matumizi ya salio, hupunguza hadi nusu, kinachosimamisha kabisa ni kuiweka rafuni (kwa Kiingereza shelve), na kitufe cha kuiweka rafuni ni kingine. Wanafunzi wetu watatu walizima na kwenda likizo ya siku nne kwa amani, na waliporudi tulikaa nao tukapiga hesabu ya salio lililokwenda. Baada ya hesabu ile hakuna aliyesahau tena.

Msomaji atauliza kwa nini asibaki na huduma za bure za kampuni. Kwa mazoezi, abaki nazo. Colab hufunguka kwa sekunde chache, na Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, hutoa takriban saa 30 za GPU kwa wiki, zinazotosha kujifunzia na hata kushindana. Tatizo linaanza kazi inapozidi usiku mmoja, kwa sababu Colab ya bure haikuahidi kadi, haikuahidi muda, na inaweza kukukatia katikati ya hesabu bila kuhitaji kukueleza sababu. Utafiti unahitaji kurudiwa mara tano kwa mpangilio ule ule ili ujue tofauti uliyoiona ni ya kweli, na kurudia ndiko kunakogharimu.

Kasoro kubwa ya ACCESS, kwa mtazamo wa msomaji wa Kiswahili, ni ya mlango. Kiongozi wa mradi lazima awe katika chuo au taasisi isiyo ya biashara iliyoko Marekani. Mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bukavu, awe hodari namna gani, hawezi kuomba kwa jina lake. Anachoweza ni kuongezwa kama mshirika kwenye mradi unaoongozwa na mtu aliye ndani, kwa masharti ya kila kituo, na hivyo ndivyo mwenzangu wa Dar es Salaam, aliyekuwa akisahihisha maandishi ya sauti zetu, alivyopata akaunti. Ushirikiano huo umetufunza jambo ambalo sikulitegemea. Terminali haili bando. Kinachosafiri ni maandishi tu, kwa hiyo mtu aliye na simu ya kawaida na kifurushi cha siku anaweza kuendesha kadi nane zilizoko Pittsburgh bila kuhisi tofauti kubwa, isipokuwa kuchelewa kidogo kwa herufi. Kinachokula bando ni kupandisha sauti. Alizipandisha usiku kutoka mtandao wa chuo kwa rsync, programu ya kuhamisha mafaili, ambayo muunganisho ukikatika huendelea kutoka ilipofika, na siku zilipokatika mara tatu hakuanza upya hata mara moja. Saa zetu nazo zinapishana kwa faida: usiku wangu ni asubuhi yake, basi ninapolala yeye huangalia kazi imefika wapi, na akiona imekwama huirekebisha kabla sijaamka.

Kwa aliye nyumbani bila mshirika wa Marekani, mahali pa kuulizia ni CHPC, kituo cha kompyuta kuu cha Cape Town, ingawa inawahudumia kwanza watafiti wa Afrika Kusini. Mashine yake, Lengau, neno la Kitswana lenye maana ya duma, ilizinduliwa mwaka 2016 ikiwa na uwezo wa petaflopi moja, yaani hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde, na kwa vipimo vya leo vya akili mnemba si mashine ya kutisha. Lakini kituo hicho kinajua kulea wanafunzi: timu zake zilishinda mashindano ya wanafunzi ya kuunda kompyuta kuu yaliyofanyika Ujerumani mwaka 2013, 2014 na tena 2016, zikiwapita vijana wa vyuo vyenye fedha mara kumi. Natamani kituo cha namna hiyo kiwepo ukanda wetu.

Walio ndani ya Marekani wajue pia kwamba tangu Januari 2024 upo mlango mwingine, NAIRR, mpango wa majaribio ulioanzishwa na NSF pamoja na mashirika mengine ya serikali na kampuni binafsi, mahususi kwa akili mnemba, nao una nafasi ya maombi ya walimu wa madarasa. Mashine ya DeltaAI ya Illinois, yenye kadi za GH200 zaidi ya 600, inafaa kwa wale ambao modeli zao hazienei kwingine. Sijaihitaji bado, na ninamshauri mwanafunzi asikimbilie mashine kubwa kwa sababu ya sifa; salio huisha haraka na foleni ya wenye majina makubwa ni ndefu.

Utaratibu wa kuingia ungeweza kurahisishwa. Unahitaji kitambulisho cha ACCESS chenye uthibitisho wa pili kwenye simu, halafu baadhi ya vituo hukutaka uwe na nywila nyingine ya kwao, na mgeni asiyeelezwa hilo hujaribu nywila ya kwanza kwenye mlango wa pili mpaka akate tamaa. Nyaraka nazo zimeandikwa kwa mtu anayejua tayari nodi ni nini. Yote mawili ni madogo ukilinganisha na kinachotolewa, lakini ni madogo yanayomrudisha nyumbani yule yule mwanafunzi ambaye mpango ulikusudia kumfikia.

Malipo pekee wanayodai ni kwamba ukichapisha utaje mpango na namba ya mradi wako. Nimeitaja katika makala moja, na nitaitaja katika tasnifu. Mradi wangu ulipofika mwaka niliuhuisha kwa kuandika nilichokifanya na nilichobakiza, na hapo pia hapakuwa na usumbufu.

Kuhusu kilichopatikana, nitatoa mfano mmoja. Kabla ya mafunzo, modeli ilimsikia mtu akisema "sijamwona ng'ombe wake" ikaandika "si jamu ona gombe wake", kana kwamba kitenzi chetu ni maneno matatu ya lugha nyingine. Baada ya kuifundisha kwa sauti za Common Voice, mkusanyo huria wa Mozilla ambao Waswahili wengi wamejitolea kuusomea, pamoja na zetu wenyewe, ilianza kukiandika kitenzi kizima kama kilivyo. Wiki iliyopita niliipa sauti ya bibi yangu wa Pangani, niliyoirekodi kwenye simu wakati jogoo akiwika uani, na ikamfuata vizuri kabisa mpaka alipotaja ng'ombe, ikaandika "gombe". Nimeongeza sauti za watu wazima wa pwani kwenye data, nimeomba kadi mbili kwa saa tano, na tangu adhuhuri kazi iko kwenye foleni.